Kupika kwa Wingi na Kugandisha Chakula cha Familia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa zaidi na wazazi wanaoondoka nyumbani alfajiri na kurejea jioni wakiwa wamechoka, huku watoto wakisubiri chakula. Majibu yamezingatia majiko ya kwetu, yaani friji ya kawaida, mtungi wa gesi au mkaa, joto la pwani, na umeme ambao hukatika pasipo taarifa.

Je, ni lazima nigandishe mlo mzima?

Si lazima, na mara nyingi haifai. Mlo wa jioni katika nyumba nyingi za Tanzania na Kenya una sehemu inayochukua muda mrefu na sehemu inayoiva upesi. Maharage, makande, kisamvu, nyama ya ng'ombe yenye mifupa na rojo la nyanya hukaa motoni saa nzima au zaidi, ilhali ugali, wali, mchicha na kachumbari huandaliwa ndani ya nusu saa. Kinachostahili nafasi katika friza ni kile kinachochelewa jikoni. Anayegandisha ugali pamoja na mchicha uliokwisha kuungwa hupata, siku ya kuvipasha moto, ugali unaomeguka na mboga iliyolegea yenye maji mengi, kisha huamua kwamba utaratibu wote haufai, wakati ambapo kosa lilikuwa katika kuchagua vyakula vya kugandisha.

Nina friji ya mlango mmoja yenye kisanduku kidogo cha barafu ndani. Je, inatosha?

Inategemea ubaridi wa kisanduku hicho. Tazama alama za nyota kwenye mlango wake mdogo. Nyota moja ina maana ya nyuzi 6 chini ya sifuri, na chakula kilichogandishwa kinaweza kukaa humo wiki moja hivi. Nyota mbili ni nyuzi 12 chini ya sifuri, na muda wake ni kama mwezi mmoja. Nyota tatu ni nyuzi 18 chini ya sifuri, kiwango kinachokusudiwa kwa hifadhi ya miezi. Kwa hiyo mwenye nyota moja anaweza kabisa kupika Jumamosi kwa ajili ya wiki inayofuata, lakini asipange akiba ya mwezi mzima. Kisanduku cha namna hiyo pia hakina nguvu ya kugandisha chakula kingi kwa mara moja. Ingiza vifurushi viwili au vitatu, vikishakuwa vigumu ongeza vingine.

Maharage yaandaliwe vipi?

Maharage ndiyo chakula ambacho ningemshauri mtu yeyote aanze nacho, kwa kuwa hayapotezi ladha wala umbo yakigandishwa, na kwa kuwa yanakula gesi kuliko chakula kingine cha kila siku. Kupika kilo moja na nusu kwa pamoja hakuhitaji moto mara sita ya ule wa robo kilo, na hapo ndipo fedha inapookolewa.

Yachague na kuyaosha Ijumaa jioni, kisha yaloweke katika maji mengi. Dar es Salaam, Tanga au Mombasa wakati wa joto, maharage yaliyoachwa kwenye maji usiku kucha mezani huanza kuchachuka na kutoa povu lenye harufu; ni vyema chombo kikae ndani ya friji. Asubuhi mwaga maji hayo, suuza, na utie maji mapya. Yachemke kwa nguvu walau dakika 10 kabla ya kupunguza moto, na baada ya hapo yaendelee hadi yalainike kabisa. Jambo hili si la ladha peke yake. Maharage, hasa yale mekundu, yana sumu ya asili inayoitwa lektini, ambayo huharibiwa na maji yanayotokota, lakini haiharibiki kwa moto hafifu wa muda mrefu. Wapo wanaochemsha nusu nusu kwa kutegemea kumalizia siku ya kula; desturi hiyo iachwe, kwa sababu siku ya haraka mtu anaweza kuyapasha tu na kuyapakua.

Mwenye presha kuka atamaliza kazi yote kwa kiasi cha nusu saa hadi dakika 40 kwa maharage yaliyolowekwa. Usiyaunge. Yagawe yakiwa meupe, yaani hayajatiwa nazi, kitunguu wala nyanya, pamoja na mchuzi wake unaoyafunika, kwa kuwa maharage yaliyobaki juu ya mchuzi hukauka na kupasuka. Robo kilo ya maharage makavu, ikishaiva, hutosha mlo mmoja wa jioni wa watu watano wanaokula na wali au ugali. Kwa namna hiyo kifurushi kimoja kinaweza kuwa maharage ya nazi Jumatatu, na kingine kikaungwa kwa nyanya na karoti Alhamisi, na hakuna atakayelalamika kwamba amekula chakula kilekile. Mbaazi, kunde, choroko na njugu mawe hufuata utaratibu huohuo. Makande pia, mradi mahindi yameiva kabisa.

Kwa nini inasisitizwa sana kwamba chakula kipoe haraka?

Kwa sababu chakula kingi kinachoharibika katika utaratibu huu huharibika kati ya jiko na friza, wala si ndani ya friza. Bakteria huzaliana kwa kasi katika joto la kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi. Sufuria kubwa la mchuzi likiachwa mezani na mfuniko wake, katikati yake hubaki na uvuguvugu kwa saa nyingi, na hali hiyo inawafaa vimelea kuliko hali nyingine yoyote. Kanuni inayokubalika ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae nje kwa zaidi ya saa 2, na ikiwa joto la chumba limezidi nyuzi 32, kama ilivyo kawaida ya miezi ya Januari na Februari pwani, kisizidi saa 1.

Ubaridi wa friza hauui bakteria hao, unawasimamisha tu. Idadi iliyoingia ndiyo itakayoamka siku ya kuyeyusha. Wengine, kama wale wanaopatikana katika wali, huacha sumu ambayo haiondoki hata chakula kikichemshwa tena. Hii ndiyo sababu wali na pilau vinahitaji uangalifu kuliko watu wengi wanavyodhani.

Njia ya kupoza ni rahisi na haihitaji chombo cha ziada. Pilau ikishaiva, imwage kwenye sinia pana na uitandaze iwe tabaka jembamba, unene usiozidi vidole viwili, kisha uifunike kwa kawa au kitambaa safi cha wavu ili mvuke utoke na nzi wasiingie. Baada ya muda mfupi utaweza kuishika kwa mkono bila kuhisi joto, na hapo ipakiwe. Mchuzi, supu na maharage huhamishiwa katika vyombo vya kina kifupi, au sufuria lenyewe hukalishwa ndani ya beseni la maji baridi yenye vipande vya barafu huku ukikoroga mara kwa mara, na maji ya beseni yakipata joto hubadilishwa. Kisha chakula kikae ndani ya friji kwanza hadi kiwe baridi, ndipo kihamie friza. Chakula cha moto kikiingizwa moja kwa moja, huyeyusha jirani zake na kuilazimisha mashine kufanya kazi kupita kiasi.

Nyama igandishwe mbichi au iliyopikwa?

Zote zinawezekana, lakini kwa familia yenye shughuli nyingi nyama iliyochemshwa ina faida kubwa. Chemsha nyama ya ng'ombe au ya mbuzi kwa tangawizi, chumvi kidogo na ndimu hadi ilainike, kisha uigandishe ikiwa ndani ya supu yake. Supu huizuia hewa kavu ya friza isiiguse nyama, na hewa hiyo ndiyo inayoleta yale mabaka ya kijivu yaliyokauka ambayo huifanya nyama iwe kama ngozi mdomoni. Jioni kifurushi kimoja kitakuwa mchuzi, rosti au ndizi nyama kwa muda wa dakika 30.

Kuku wa kienyeji, ambaye huchukua muda mrefu kuiva, anafaa sana kwa utaratibu huu. Kuku wa kisasa anaiva upesi, na mimi ningemweka mbichi, akiwa amekatwa na kupakiwa kwa kiasi cha mlo mmoja. Samaki pia ni bora agandishwe mbichi, akiwa ameparuliwa, ametolewa matumbo na kukaushwa maji kwa kitambaa safi. Wenye mafuta mengi, kama jodari na vibua, waliwe ndani ya miezi 2 au 3, kwa kuwa mafuta yao hubadilika ladha mapema.

Ni vitu gani havifai kabisa?

Viazi mbatata ndani ya mchuzi huwa na chembechembe na kuvuja maji, kwa hiyo vitiwe siku ya kupasha moto. Mayai ya kuchemsha huwa magumu mithili ya mpira. Matango, nyanya za kachumbari na kabichi mbichi hulegea kabisa. Tui la nazi likigandishwa ndani ya mchuzi hujitenga, na mchuzi unapopashwa moto huonekana umekatika. Nazi iliyokunwa, kwa upande mwingine, inakaa vizuri sana katika friza, na tui likamuliwe jioni yenyewe.

Viungo navyo vina tabia yake. Karafuu, pilipili manga na kitunguu saumu huongezeka ukali, na wakati mwingine huleta uchungu, ilhali chumvi huonekana imepungua. Anayepika pilau ya kugandisha apunguze viungo kidogo, kisha aonje na kurekebisha wakati wa kuipasha.

Vipi kuhusu mboga za majani?

Mchicha na matembele vinaiva kwa dakika chache, na kwa kawaida havihitaji friza. Kama una shamba au bustani inayotoa mboga nyingi kwa wakati mmoja, zitumbukize katika maji yanayotokota kwa dakika 2, zitoe na kuzizamisha mara moja katika maji baridi sana, zikamue, kisha uzifunge kwa mafungu. Hatua hiyo ya maji moto huzuia vimeng'enya vinavyoendelea kuondoa rangi na ladha hata katika baridi. Sukuma wiki inastahimili vizuri zaidi.

Kisamvu kinastahili maelezo ya peke yake. Majani ya muhogo yana viambata vinavyotoa sianidi, na huondolewa kwa kuyatwanga vizuri na kuyachemsha kwa muda mrefu, kazi ambayo hakuna mtu anayeweza kuianza saa moja jioni. Nunua kilichotwangwa sokoni au ukitwange, kichemshe siku ya mapumziko hadi kilainike kabisa, ukipoze na ukigawe kikiwa hakijaungwa. Siku ya kula, nazi au karanga zilizosagwa na kitunguu ndivyo vitu pekee vinavyobaki.

Je, chapati na sambusa zinaweza kuandaliwa mapema?

Ndiyo, na familia nyingi za pwani hufanya hivyo kila mwaka mwezi wa Shaabani, ili Ramadhani ikiingia kazi ya kila alasiri iwe kukaanga tu. Nyama ya kusaga ya sambusa ipikwe hadi ikauke kabisa na ipoe, kwa sababu unyevu uliobaki hulowesha manda na kuzitoboa. Sambusa zikishafungwa na kubandikwa kwa uji mzito wa ngano, zipangwe kwenye trei bila kugusana, zigandishwe hadi ziwe ngumu, ndipo zikusanywe katika chombo kimoja. Zikikusanywa mapema zitashikana na kuchanika. Zikaangwe zikiwa zimeganda, katika mafuta ya moto wa wastani, chache chache. Pangusa barafu iliyoshika juu yake kabla ya kuziingiza, kwa kuwa barafu katika mafuta ya moto huyarusha na kuunguza mikono. Katlesi na kababu huandaliwa vivyo hivyo.

Chapati zipikwe hadi ziive lakini zisikauke, zipoe moja moja badala ya kurundikwa zikiwa na mvuke, na kila moja itenganishwe na nyingine kwa karatasi ya kuokea. Huchukuliwa kutoka friza hadi kikaangoni moja kwa moja, tone la mafuta likitosha.

Ni vyombo gani vinafaa?

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Kenya mwezi Agosti 2017 na Tanzania Bara mwezi Juni 2019, na hata kabla ya hapo haikuwa vifungashio vyema vya chakula. Makontena yenye mfuniko unaobana, yaliyotengenezwa kwa ajili ya chakula, hutumika miaka mingi. Makopo ya aiskrimu yanaweza kutumika tena kwa chakula kilichokwisha kupoa, lakini yasitiwe chakula cha moto wala yasiingizwe kwenye maikrowevu, kwa kuwa hayakutengenezwa kwa joto. Acha nafasi ya vidole viwili juu ya mchuzi au supu. Maji yanapoganda huongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9, na chombo cha kioo kilichojazwa pomoni hupasuka.

Bandika kipande cha tepu ya karatasi na uandike jina la chakula, tarehe na idadi ya walaji. Supu ya mbuzi na mchuzi wa kunde, vikishaganda, havitofautishiki kwa macho.

Umeme ukikatika nifanye nini?

Usifungue mlango. Friza iliyojaa hutunza baridi kwa takriban saa 48 ikiwa imefungwa, na iliyojaa nusu kwa takriban saa 24. Sehemu ya chini ya friji hutunza kwa saa 4 tu. Ndiyo maana friza yenye nafasi wazi ijazwe chupa za maji yaliyogandishwa.

Kwa anayesafiri, kuna kipimo rahisi cha kujua kilichotokea nyumbani. Gandisha maji ndani ya kikombe, weka sarafu juu ya barafu, na ukiache kikombe humo. Ukirudi na kuikuta sarafu juu, chakula hakikuyeyuka. Ukiikuta imezama chini, barafu yote iliyeyuka na kuganda upya, na chakula chote kitupwe, hata kama sasa ni kigumu kama jiwe. Najua uchungu wa kutupa nyama iliyonunuliwa kwa jasho, lakini gharama ya familia nzima kuumwa tumbo ni kubwa zaidi, hasa kwa mtoto mdogo, mjamzito au mzee.

Chakula kiyeyushwe na kupashwa moto namna gani?

Kilicho bora ni kukihamisha kutoka friza hadi friji usiku uliotangulia. Kama umesahau, chombo kilichofungwa vizuri kizamishwe katika maji baridi yanayobadilishwa kila dakika 30. Maharage, supu na mchuzi havihitaji hata kuyeyushwa kwanza: tia maji robo kikombe ndani ya sufuria, weka bonge lililoganda, funika, washa moto mdogo, na uligeuze kadiri linavyoachia. Kuacha nyama mezani kutwa nzima ili iyeyuke yenyewe si salama, kwa kuwa nje yake hupata joto la chumba saa nyingi kabla ya ndani kulainika.

Chakula kipashwe hadi katikati yake kifikie nyuzi 74, na kwa asiye na kipimajoto hiyo ina maana ya mchuzi kutokota kote na mvuke kutoka kila upande. Kipashwe kile kinachotosha kuliwa, mara moja tu. Ikiwa dada wa kazi ndiye anayepasha chakula cha watoto mchana, mweleze sababu na si amri peke yake. Anayejua kwa nini chakula hakirudishwi friza baada ya kukaa mezani hatakirudisha hata usipokuwepo.

Chakula kinaweza kukaa muda gani, na je, kinaweza kugandishwa tena?

Katika nyuzi 18 chini ya sifuri zisizobadilika, chakula hubaki salama kwa muda mrefu sana, lakini ladha hushuka. Kwa maharage na michuzi, miezi 2 hadi 3 ni kipimo kizuri; wali na pilau ni bora viishe ndani ya mwezi mmoja. Kilichoyeyukia ndani ya friji kinaweza kurudishwa friza, ingawa kitapungua ubora. Kilichoyeyukia nje kwa zaidi ya saa 2 kisirudi. Nyama mbichi iliyoyeyushwa vizuri na kupikwa huruhusiwa kugandishwa ikiwa imepikwa.

Nyumbani kwangu hawataki kiporo. Nifanyeje?

Usiwapakulie kitu ambacho kimepikwa chote siku nne zilizopita. Kitunguu kinachokaangwa jioni, tui linaloingia mwisho, giligilani na ndimu, pamoja na wali uliopikwa papo hapo, ndivyo vinavyoleta harufu na ladha ambayo mlaji huihesabu kuwa chakula kipya, na hesabu yake ni sahihi, kwa kuwa sehemu kubwa ya ladha kwa kweli ni ya jioni hiyo.

Ninatarajia kujifungua. Niandae nini mapema?

Hapa utaratibu huu unafaa kuliko mahali pengine popote, kwa kuwa wiki za kwanza mama hatakiwi kusimama jikoni na wasaidizi hubadilika. Kuanzia mwezi wa nane wa ujauzito, kila unapochemsha nyama au mifupa, ongeza kiasi na uweke vifurushi viwili. Kwa mtori, gandisha nyama na supu tu; ndizi zimenywe na kuchemshwa siku hiyohiyo, kwa kuwa mtori uliogandishwa ukiwa umeshapondwa hujitenga na kutoa maji. Tangawizi na kitunguu saumu visagwe, viwekwe katika trei ya barafu, na vikishaganda vihamie chombo kimoja. Kitunguu saumu kilichosagwa na mafuta kisikae mezani kamwe, kwa kuwa humo huweza kuota bakteria wa botulizimu. Mwisho, bandika kwenye mlango wa friji orodha ya kila kilichomo, pamoja na tarehe na namna ya kukipika, ili shangazi, wifi au jirani atakayekuja kusaidia aweze kuandaa mlo bila kukuamsha.